Jiko Lisiwashwe Mpaka Nooruz

1 Oktoba

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya maksi za darasa la tisa, lakini darasa la tisa litanisamehe. Nahitaji mahali pa kusemea. Katika nyumba hii mimi ni kelin, mke wa mwana, na kelin hatamki jina la baba mkwe wake hata akiulizwa na polisi. Haya, naliandika: Sagynbai. Na mama mkwe wangu ni Zuurakan. Nimeandika yote mawili na dari bado liko juu. Mbele yao nitaendelea kuwaita Ata na Ene, Baba na Mama, tena kwa heshima zote, maana nitawaudhi vya kutosha kwa mambo mengine.

La leo ni hili. Wakati wa chakula cha mchana nilisema kwamba mwaka huu siagizi makaa ya mawe. Mtaa mzima umeshajaza marundo yake ukutani, sisi ukuta wetu mtupu. Ene akaweka upawa chini.

Kipindi cha baridi kilichopita alilazwa hospitali mara mbili, mara ya pili siku kumi na moja. Daktari, binti mdogo kuliko mimi, alinivuta koridoni akaniambia mapafu ya mama yamechoka, na kwamba akiinamia jiko la kupashia nyumba msimu mmoja zaidi, akivuta moshi wake, yeye haahidi kama ataona majani yakichipua. Nililisema hilo nyumbani wakati ule ule. Ene akajibu kwamba daktari yule hajui kuwasha jiko, ndiyo maana analiogopa.

Basi leo nimesema nitafunga pampu ya joto, mashine ya umeme inayofanya kazi kama friji iliyogeuzwa, ikivuta joto la hewa ya nje na kulileta ndani, tena nitaifunga mwenyewe. Mume wangu Talant yuko kwenye ujenzi Yekaterinburg. Kwa simu alisema nifanye ninavyoona, neno la mtu aliye mbali. Ene alisema yeye haishi ndani ya friji. Ata alikunywa chai yake yote kwanza, kisha akatoa sharti. Nifunge ninachotaka. Lakini jiko la matofali libaki mahali pake, na siku litakapowashwa kwa sababu ya baridi, hata mara moja, kabla ya Nooruz, mashine inaondoka na nisiitaje tena.

Nooruz, sikukuu ya mwaka mpya wa machipuko, ni tarehe ishirini na moja ya Machi. Nimekubali. Nilikubali haraka mno, najua, lakini nimekubali.

4 Oktoba

Sokoni. Muuzaji hakuuliza nyumba imejengwa kwa kitu gani, wala dari likoje. Aliuliza ukubwa tu. Mita za mraba tisini. Akasema kila mita kumi ni kilowati moja, halafu niongeze tatu kwa ajili ya usalama wa moyo. Kumi na mbili. Nilipomwambia hiyo si hesabu, akauliza kama mume wangu yupo ili aongee naye.

"Yuko Yekaterinburg," nikamwambia. "Lakini hesabu ziko hapa."

Hakupenda. Nami sikwenda pale kupendwa. Nimefundisha fizikia miaka kumi na miwili na sijawahi kuona ukuta unaovujisha joto kwa kufuata ukubwa wa sakafu.

5 Oktoba

Pampu ikiwa kubwa kupita kiasi inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, inajichosha na kula umeme bure. Ikiwa ndogo, siku ya baridi kali tunaganda na mimi nashindwa sharti. Kwa hiyo nimekaa na kalamu.

Nimeanza na kitu ambacho nyumba hii inakijua kuliko sokoni kote: makaa. Tunachoma tani nne kila msimu. Makaa yetu ni yale laini, mabaya, na nusu ya joto lake hupanda na bomba la moshi kwenda kuwapasha kunguru. Inayobaki nikaigawa kwa siku na saa za msimu: kilowati tatu, wastani. Lakini wastani ni wa siku ya kawaida. Siku ya digrii ishirini na mbili chini ya sifuri, nyumba hii itataka sita na nusu. Nikilivalisha dari vizuri, itataka tano na nusu.

Sasa, pampu iliyoandikwa nane haitoi nane siku hiyo. Lebo huandikwa kwa siku ya hewa nzuri. Nane ya lebo kwenye baridi ile ni karibu sita. Basi nane. Si kumi na mbili.

Nimehesabu mara tatu. Mara ya nne nilimpa mwanangu Begimai kalamu achore paka, kwa sababu nilikuwa nimeanza kujitisha mwenyewe.

9 Oktoba

Ndugu za Ata huko milimani Naryn wametuma magunia kumi na manne ya sufu ya kondoo. Siku hizi hakuna anayeinunua, wanaitupa makorongoni. Nimeifua kwa siku tatu mikono ikabambuka, kisha nikapanda darini kuitandaza. Ata alisimama kwenye ngazi akinipokeza gunia baada ya gunia bila neno. Ene alikuwa chini, mikono kiunoni.

"Dari linavalishwa koti," akasema. "Mimi koti langu ni la mwaka tuliohamia."

15 Oktoba

Sanduku la pampu limefika. Liko nje, juu ya zege nililomimina mwenyewe, pembeni mwa dirisha la jikoni. Jirani yetu Mukash, ambaye ana lori na anauza makaa kwa nusu ya mtaa, alilitazama kutoka juu ya ukuta kama mtu aliyepelekewa maiti asiyoifahamu.

"Kelin," akasema, "watu huweka friji ndani ili nyama isioze. Wewe umeiweka nje. Umeamua kugandisha mtaa?"

Nikamwambia ndiyo, naanza na wewe. Akacheka. Mukash ni mtu wa kucheka, hilo siwezi kumnyima.

18 Oktoba

Shule yetu imetupa rejeta za zamani za chuma, za kupashia vyumba kwa maji ya moto, zile nzito za enzi za Wasovieti. Walimu wenzangu waliziita takataka. Mimi nilizikimbilia. Maji ya pampu hayachemki, ni ya vuguvugu, kwa hiyo rejeta lazima ziwe kubwa na nyingi. Mukash amezibeba kwa lori lake bila kunitoza, akinisimanga njia nzima.

22 Oktoba

Mabomba. Magoti.

25 Oktoba

Mabomba. Nati moja inavuja. Nimeikaza. Inavuja. Nimeifungua nikaona mpira wake nimeuweka upande usio wake. Hakuna aliyeona.

26 Oktoba

Begimai aliona.

2 Novemba

Leo nimeiwasha. Badala ya maji matupu nilijaza yale ya rangi yasiyoganda, ya aina isiyo sumu, maana umeme wetu hukatika na sitaki sanduku lipasuke kwa barafu. Feni ikazunguka. Baada ya saa mbili rejeta zote saba zilikuwa na uvuguvugu, na jioni kipimajoto kilisema ishirini.

Nilitaka kucheza ngoma. Ene akaja, akaweka kiganja juu ya rejeta ya sebuleni, akakiacha pale kwa muda, akakitoa.

"Hii imekufa," akasema.

"Ene, tazama kipimajoto."

"Mimi sikai ndani ya kipimajoto. Moto ni kitu kinachokuunguza ukikigusa. Hiki kina joto la mkono wa mgonjwa."

Wanawake wanne wa mtaani walifika kunywa chai na kila mmoja aligusa rejeta na kumpa Ene pole. Walikuwa wamevua makoti na sweta, wanapepea nyuso zao kwa leso, na bado wanampa pole. Nilikasirika sana hata nikavunja kikombe nikiwa nakiosha.

7 Novemba

Theluji ya kwanza. Ishirini na moja ndani. Ene anakaa kila siku ameegemea jiko lililopoa, mgongo kwenye matofali, anafuma. Ukimwambia kuna kiti anasema anajua.

11 Novemba

Siku nne mfululizo nimerudi kutoka shuleni nikakuta nyumba ina digrii kumi na tano. Asubuhi naiacha ishirini. Nimekagua mabomba, nimekagua feni, nimesoma kitabu cha mashine mpaka kurasa za Kichina. Leo niliomba ruhusa nikarudi saa nne asubuhi bila kusema, nikamkuta Ene amesimama mbele ya swichi.

Anaizima kila siku baada ya chai ya asubuhi. Anaiwasha saa tisa, kabla sijarudi. Hakuona haya hata kidogo.

"Jiko huwashwa asubuhi, likazimika mchana, likawashwa jioni," akaniambia. "Hiyo yako unaichosha usiku na mchana. Hata punda anafunguliwa mchana. Nimeipumzisha."

Nilimweleza kwamba hii si jiko. Jiko ni mtu wa hasira, linatoa joto lote kwa mkupuo. Pampu yangu ni ndogo kwa makusudi, inatoa kidogo kidogo bila kusimama, na ukiisimamisha kwa saa sita haina nguvu ya kuifukuzia nyumba iliyopoa. Nilieleza kama ninavyoeleza darasani, kwa mifano. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia natumia maneno mengi kwa kitu kinachotakiwa kutoa moto tu.

Nimefunika swichi kwa kisanduku cha bati na kukitia kufuli. Ndiyo, kufuli, katika nyumba ya wakwe zangu. Talant amenipigia simu akiwa na wasiwasi. Nimemwambia aje ajaribu kuifungua.

3 Desemba

Umeme umekatika saa tatu nzima mchana. Ata alilitazama jiko. Ene alilitazama jiko. Mimi nilitazama kipimajoto. Kilishuka digrii moja na nusu. Kuta nene za udongo na sufu ya Naryn. Umeme uliporudi nilipita mbele ya jiko nikiwa nimeinua kichwa kidogo kuliko inavyompasa kelin.

20 Desemba

Moshi umelala juu ya mtaa tangu juzi, ukitoka nje unauonja ulimini. Nimebandika utepe kwenye nyufa za madirisha. Ene anakohoa asubuhi, lakini ni kile kikohozi kifupi, si kile kinachomkunja. Sitaki kusema zaidi ya hapo. Naogopa kulisema.

5 Januari

Baridi inapokuwa na unyevu, sanduku huota barafu kwenye mapezi yake, yale mabati membamba linakopitishia hewa, na kila baada ya muda linajigeuza lenyewe, linajipasha kidogo kuyeyusha ile barafu. Likifanya hivyo linatoa wingu la mvuke na kunguruma. Mukash hakuelezwa. Aliruka ukuta na ndoo ya maji akipiga kelele kwamba tunaungua. Kama nisingemshika mkono angelimwagia. Ata alikuwa amesimama barazani, akautazama ule mvuke kwa muda mrefu, akauliza kama huwa hivyo kila siku. Nikamwambia kila siku, mara nyingi.

9 Januari

Ata alikwenda mwenyewe kulitazama sanduku tena. Simwelewi huyu mzee. Haniungi mkono, hanipingi. Anatazama tu, kama mtu anayesubiri kitu kianguke.

17 Januari

Ishirini na moja chini ya sifuri, na ndani kumi na tisa. Nilihesabu vizuri. Nasema tena kwa ajili ya muuzaji wa sokoni: nilihesabu vizuri.

19 Januari

Naandika jioni. Mikono ndiyo kwanza imepata joto.

Asubuhi niliamka nikaona pumzi yangu. Kipimajoto cha sebuleni kilisema kumi na moja. Nje, ishirini na nne chini. Rejeta zote baridi, na kwenye kioo kidogo cha mashine ilikuwa inawaka alama ya hitilafu. Kutoka chumba cha wazee nilisikia Ene akikohoa, na kilikuwa kile kikohozi chenyewe, cha mwaka jana, kinachoanza tumboni. Begimai alikuwa amekaa kitandani na koti na kofia, ananisubiri nirekebishe dunia.

Sebuleni Ata alikuwa amevaa koti lake la manyoya, anatazama jiko. Mlango ukagongwa. Mukash na gunia la makaa mgongoni. Alikuwa hasikii feni yetu ikizunguka. Alilitua sakafuni taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakufanya mzaha. "Leo si siku ya ubishi, kelin," akasema. "Mama atakufa."

Nilitoka nje bila kofia. Na pale, pembeni mwa dirisha la jikoni, sanduku langu lilikuwa limefunikwa. Lilikuwa limevikwa blanketi la farasi, lile zito la sufu iliyoshindiliwa, kutoka juu hadi kwenye zege, likazungushiwa mkanda wa tumbo na kufungwa. Nilipovuta upindo wake niliona barafu imejaa kwenye mapezi yote, nene kama mkate. Mashine hii inaishi kwa kuvuta hewa. Ilikuwa imezibwa usiku kucha.

Fundo nilikuwa nalijua. Ata alichunga farasi wa ushirika huko Naryn miaka ishirini na sita, na katika nyumba hii hakuna mwingine anayefunga fundo lile.

Niseme ukweli wa nilichofikiri. Nilifikiri: ameniua. Amekaa kimya miezi mitatu unusu akisubiri usiku wa baridi kuliko wote, akatoka akaniziba ili jiko liwashwe na sharti lake litimie. Niliingia ndani na ule mkanda mkononi, nikasimama mbele ya baba mkwe wangu, na nikafanya jambo ambalo hakuna kelin wa ukoo huu amewahi kulifanya, yaani nikampazia sauti. Nilimwambia kama alitaka nishindwe angesema tu. Nilimwambia asingetumia mapafu ya mke wake kunishinda mimi. Mukash alitazama viatu vyake. Ene aliacha kukohoa, sijui kwa nguvu gani.

Ata alinyanyuka. Ni mtu mrefu. Nilisubiri chochote.

"Ilikuwa inatoka jasho," akasema.

Sikuelewa.

"Jana jioni nimeiona. Inatoka mvuke mwili mzima, inatetemeka, inaguna. Baridi ya namna hii. Imetufanyia kazi tangu Novemba haijapumzika, umeifungia kufuli isipumzike." Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Farasi akitoka jasho, ukimwacha hivyo hivyo kwenye baridi, asubuhi huna farasi. Nimeitolea blanketi la yule farasi dume wangu wa mwisho. Sikuwa na jingine."

Nilikuwa nimeshika ule mkanda, na nikaona kwa mara ya kwanza jinsi ulivyopakwa mafuta, miaka yote hii bila farasi, ili ngozi isipasuke. Aibu niliyoisikia siwezi kuieleza, hivyo siielezi. Niliinama mpaka chini nikamwomba radhi. Yeye akauliza tu kama imekufa.

"Haijafa, Ata. Imezibwa pua."

"Basi tuizibue."

Tulichemsha maji tukayapooza mpaka yawe ya kuvumilika mkononi, maana ya moto sana yangepasua mapezi. Niliogopa ayamwage kwa pupa, lakini aliyamimina kidogo kidogo, kiganja kimoja juu ya bati, akizungumza nalo maneno ambayo sikuyasikia. Mukash alileta ndoo baada ya ndoo. Barafu ilianguka vipande vipande. Saa tano kasoro feni ikazunguka.

Lakini nyumba ilikuwa imeshuka hadi tisa, na nilijua hesabu yangu mwenyewe. Pampu niliyoichagua haina nguvu ya kufukuza. Ingechukua mchana kutwa. Kikohozi cha Ene kilikuwa kimerudi, nacho hakikusubiri hesabu ya mtu.

Ata akasema mbele ya wote, "Kosa ni langu. Sharti nalifuta. Liwashwe."

Nikachukua kiberiti. Naandika hapa ili nisije baadaye nikajisifia kitu kingine: nilichukua kiberiti mimi mwenyewe, nikapiga magoti mbele ya jiko, nikafungua mlango wake. Nilitaka kushinda, lakini si kwa bei ya Ene. Nilikuwa nimeshaweka vijiti wakati mkono wake uliponishika begani.

"Weka chini hicho."

"Ene, nyumba ina digrii tisa."

"Nimezaliwa kwenye hema, mwezi wa pili, kwenye mlima. Baridi naijua, haijawahi kunilaza hospitali hata siku moja." Akavuta pumzi, akalinyooshea jiko kidole. "Ni huyu. Huyu ndiye aliyenilaza. Najua, tangu mwaka jana najua. Mnafikiri mimi mjinga? Nimelala Januari hii kitandani kwangu. Funga mlango wake, leteni matandiko."

Tulileta matandiko yote ya nyumba hii, hata yale ya mahari yaliyokunjwa juu ya kasha ambayo hayaguswi bila mgeni mkubwa. Tukakaa chumba kimoja, Ene katikati, Begimai mapajani mwake, Ata upande mmoja na mimi mwingine. Mukash alikataa kwenda nyumbani kwake kwenye moto. Alisema anataka kuona kama friji itashinda. Saa tisa tulifika digrii kumi na nne. Jioni hii ni kumi na saba. Ene amelala na anapumua kwa filimbi kidogo, lakini anapumua amelala chali, na hilo mwaka jana hakuliweza.

Gunia la Mukash bado liko sakafuni. Hakuna aliyelifungua.

20 Januari

Kumi na tisa. Daktari amekuja nyumbani, amesikiliza kifua, amesema hakuna haja ya kulazwa. Ene amemwambia anaonekana mwembamba na kumpa siagi.

21 Januari

Nimetoa kufuli. Hakuna aliyeizima.

4 Februari

Ata amejenga kipaa cha mabati juu ya sanduku, pande zote nne wazi, ili theluji isiliangukie. Alipima upenyo wa hewa kwa kiganja, akaniuliza kama panatosha. Panatosha. Wakati wote alipokuwa akilitazama sanduku, kwangu alikuwa mzee anayesubiri nianguke. Niliuona ukimya wake miezi mitatu na nikaujaza maneno yangu mimi.

13 Februari

Moshi. Madirisha yamefungwa.

27 Februari

Barafu ya uani inayeyuka mchana. Ndani ishirini na moja. Sina la kuandika, na nalipenda hilo.

10 Machi

Mukash ameuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari ya mvua, nyumba yake ingehitaji ya ukubwa gani. Nikamwambia alete hesabu ya makaa aliyochoma. Akacheka sana. Amesema muuza makaa ndiye mtu pekee mtaani asiyejua anachoma kiasi gani.

21 Machi

Nooruz. Jiko halikuwashwa.

Nilidhani Ata angesema kitu mezani, au ningesema mimi. Nilikuwa hata nimekiandaa, kirefu, chenye madaha. Ene hakutupa nafasi. Baada ya chai alifunga leso yake kwa nyuma, akaenda uani akarudi na nyundo ya Ata, akasimama mbele ya jiko.

Ata akamwambia aache, wataitwa vijana wa fundi. Ene akasema hakuna kijana wa fundi aliyelijenga.

Ndipo akaniambia, akiwa amenipa mgongo. Mwaka waliohamia hapa kulikuwa na jiko la bati lililotoboka na watoto watatu wadogo. Mafundi hawakuja. Akachanganya udongo na majani mwenyewe, akabeba matofali kutoka kiwanda kilichofungwa, akajenga. Mama mkwe wake alisimama mlangoni siku zote tisa akimwambia jiko la mwanamke hufuka. Mtaa ulikuja kutazama. Wanawake wakaja kunywa chai na kumpa mama mkwe wake pole.

"Likawaka siku ya kwanza," akasema Ene. "Halikufuka. Miaka thelathini na mbili limenilelea watoto. Ukaja wewe na karatasi yako ukasema linaniua. Ulitaka nikuambie nini?"

Miezi sita nimeandika humu kwamba mwanamke huyu ni mkaidi, na ni kweli, lakini sikuwahi kuuliza ukaidi wake umetoka wapi. Nilikuwa nalia na sikuficha.

"Nani amekuambia ulie? Shika upande ule."

Akapiga. Udongo ulikuwa mgumu, alioukanyaga kwa miguu yake, na ilichukua mapigo mengi tofali la kwanza likatoka. Akalipangusa kwa aproni, akalibeba uani, akaliweka kando ya ukuta pale tulipokuwa tunaweka makaa, akarudi kuchukua jingine. Nilitaka kumpokea. Akanitazama nikaacha. Mwaka jana mwezi kama huu hakuweza kutoka kitandani hadi mlangoni bila kushika ukuta. Nikaanza kuhesabu matofali, kimoyomoyo. Kumi. Kumi na tano. Ata alikuwa barazani na nikaona midomo yake nayo inahesabu.

Alikohoa kwenye tofali la ishirini na tatu, nacho kilikuwa kikohozi cha vumbi tu.